Insha Zikisomwa na Mashine, Mwalimu Atajifunza Wapi?

Kila teknolojia mpya inapobisha hodi shuleni, maswali huanzia kwa mwanafunzi. Je, kishikwambi kitamsaidia kusoma? Je, akili unde (AI) itamfanya mvivu wa kuandika? Ni maswali ya haki. Lakini yupo mtu mwingine darasani ambaye naye anajifunza kila siku, na kujifunza kwake ndiko kunakoamua kama vifaa hivyo vitazaa chochote: mwalimu. Nataka kumtazama yeye, hasa mwalimu wa lugha, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya utaalamu wake huipata mahali palepale ambapo teknolojia sasa inajitolea kumwondoa, yaani kwenye rundo la madaftari ya wanafunzi.

Nianze na upande unaoitetea mashine, maana hoja yake ni nzito, na wengi wanaoipuuza hawasahihishi. Chukua darasa la wanafunzi 60. Mwalimu akitumia dakika 5 kwa kila insha, muda usiotosha hata kuisoma mara mbili, atahitaji saa 5 kulimaliza darasa hilo. Akiwa na mikondo mitatu ni saa 15, na hapo hajaandaa somo hata moja. Matokeo yake yanajulikana: insha hutolewa mara chache. Mwanafunzi huandika moja, akarudishiwa baada ya wiki kadhaa ikiwa na alama juu na mistari myekundu chini ya makosa ya tahajia, wakati ambapo ameshasahau alikuwa anataka kusema nini. Uandishi haukui hivyo. Hukua mtu anapoandika mara nyingi, akapata maoni mapema, akairudia rasimu yake kabla haijampoa kichwani. Kama mashine inaweza kumpa mtoto maoni jioni ileile aliyoandika, anayesema isitumike anapaswa kueleza nani mwingine atayatoa.

Wazo lenyewe si la jana. Mmarekani Ellis Page alitangaza mwaka 1966 kwamba siku ya kompyuta kutoa alama za insha imekaribia, zama ambazo insha ilibidi kwanza ichapwe kwenye kadi ili kompyuta iweze kuisoma. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayoandika na kujibu maswali, ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, uwezo huo umefika kwenye simu ya mwalimu yeyote mwenye intaneti. Anaipiga picha insha, anaomba maoni, na kabla chai haijapoa amepata aya tatu za ushauri zilizonyooka kwa lugha ya adabu.

Hata kabla ya akili unde, kompyuta ilikuwa imeshaonyesha faida kwa wanaojifunza kuandika. Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, wakaorodhesha mambo 11 ya ufundishaji yanayoinua uandishi wao. Kuandika kwa kompyuta kumo kwenye orodha hiyo, na si vigumu kuona sababu. Kwenye karatasi, kuihamisha aya ya tatu iwe ya kwanza ni adhabu, kwa kuwa mtoto atalazimika kunakili ukurasa mzima upya. Basi anazoea kuridhika na wazo la kwanza lililomjia. Kwenye kompyuta kurekebisha hakugharimu kitu, na anayerekebisha bila maumivu hurekebisha zaidi.

Ila orodha hiyohiyo ina jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji. Yapo yaliyoonyesha faida kubwa kuliko kompyuta: kufundishwa waziwazi jinsi ya kupanga, kuandika na kupitia upya kazi. Kufundishwa kufupisha matini. Na kuandika kwa kushirikiana. Yote matatu yanamhitaji mwalimu anayejua uandishi kwa ndani, anayeweza kusimama mbele ya darasa na kuonyesha kwa sauti namna mtu anavyofikiri anapotafuta sentensi ya kwanza. Hayo hayaji na chaja.

Hapa ndipo naanza kuwa na wasiwasi juu ya kuzikabidhi insha zote kwa mashine, na wasiwasi wangu si ule wa kawaida kwamba mashine itakosea. Itakosea, ndiyo. Mwaka 2014 Les Perelman wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, na wanafunzi aliofanya nao kazi walitengeneza programu ya kutunga insha zisizo na maana yoyote, zilizojaa maneno makubwa na sentensi ndefu, nazo zikapewa alama za juu na mifumo ya kusahihisha ya wakati huo. Mashine za leo zina uwezo mkubwa kuliko zile, na za kesho zitazipita. Anayejenga hoja yake juu ya udhaifu wa mashine anajenga mahali ambapo maji yanapanda.

Wasiwasi wangu unabaki hata tukikubali kwamba mashine inasahihisha vizuri. Mwalimu anaposoma insha 60 za darasa lake, hatoi alama tu, anapokea habari. Kwenye insha ya kumi anagundua kwamba watoto wanaunganisha kila kitu kwa “halafu”. Kwenye ya ishirini anaona kwamba karibu wote wameanza kwa methali ileile waliyokaririshwa, halafu hadithi inaelekea kwingine kabisa. Anaona kwamba mwanafunzi asiyefungua mdomo darasani ameandika aya moja yenye uhai kuliko zote. Anaona pia, na hili linauma, kwamba somo lake la wiki iliyopita kuhusu kupanga hoja halikueleweka hata kidogo, ingawa siku ile wote waliitikia “ndiyo, mwalimu”. Akifunga daftari la mwisho anajua Jumatatu afundishe nini. Watafiti Paul Black na Dylan Wiliam, katika mapitio yao ya tafiti ya mwaka 1998, walionyesha kwamba upimaji hunyanyua ujifunzaji pale matokeo yake yanapotumika kubadilisha ufundishaji unaofuata. Mwalimu ndiye anayebadilisha. Kama hakuyaona mwenyewe, atabadilisha kwa kubahatisha.

Mtetezi wa mashine atajibu kwamba programu inaweza kumpa mwalimu muhtasari: asilimia fulani ya darasa ina shida ya viunganishi, wanafunzi hawa kumi waangaliwe. Ni jibu zuri, na kwa mwalimu mwenye mikondo mitano huenda ndilo pekee linalowezekana. Lakini muhtasari huonyesha kile tu programu iliambiwa itafute. Mtoto aliyeandika kwa kificho jambo linalomtesa nyumbani haonekani kwenye asilimia. Wala haonekani yule aliyekosea kwa ujasiri, aliyejaribu sentensi iliyomzidi kimo, ambaye mwalimu makini angemsifu kwa kosa lenyewe. Mwalimu kijana aliyepokea muhtasari tangu siku yake ya kwanza kazini atayajua majina ya matatizo kabla hajakutana nayo kwenye sentensi za watoto, na sioni atakavyopata jicho la mzoefu.

Kuna tatizo jingine linalotuhusu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli: “wangelimwandikia” ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Kisahihishi kinachotegemea orodha ya maneno hupigia mstari maumbo yaliyo sahihi kabisa kwa sababu tu hakijawahi kuyaona. Mwanafunzi mwenye mashaka atalifuta neno lake zuri na kuweka rahisi. Mwalimu asiyejiamini naye anaweza kuiamini mashine. Hilo linanirudisha kwenye mafunzo.

Mafunzo ya walimu kuhusu teknolojia mara nyingi huwa semina ya siku chache. Mwezeshaji anawasha projekta, anaonyesha pa kubofya, walimu wanafuata, cheti kinatolewa. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Lee Shulman alisema kwamba mwalimu anahitaji ujuzi wa aina ya pekee: kujua somo, kujua kufundisha, na zaidi kujua namna ya kulifundisha somo hilo hasa, pamoja na mahali ambapo wanafunzi hukwama. Miaka 20 baadaye, 2006, Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia kwenye picha hiyo, wakisisitiza kwamba ujuzi wa kifaa hauwi na maana mpaka ukutane na hayo mengine. Semina nyingi hufundisha kile walichoongeza na kukiacha kile walichokiongezea. Mwalimu hutoka akijua kutengeneza jaribio la mtandaoni, ilhali hajui kwa nini mtoto wa darasa la pili anasoma “ba-ba” na “ka-ka” vizuri lakini anakwama kwenye “ng’ombe”.

Nchini Peru, vijijini, kompyuta ndogo ziligawiwa shuleni chini ya mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake. Tathmini ya shule 319 iliyotolewa mwaka 2012 haikuona ongezeko katika mitihani ya lugha na hisabati. Vifaa vilifika, watoto walivitumia, ila ufundishaji ulibaki ulivyokuwa. Nchini Kenya watafiti walilinganisha njia tatu ndani ya programu ya kusoma ya madarasa ya awali: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kuwapa walimu vishikwambi, na kuwapa vishikwambi maofisa wanaowatembelea walimu darasani. Matokeo yalichapishwa 2016. Watoto wa njia zote tatu walisoma vizuri kuliko walio nje ya programu, na hakuna njia iliyoziacha nyingine mbali. Gharama ndizo zilizotofautiana sana. Kifaa kilichokwenda kwa ofisa kilikuwa nafuu kuliko kumpa kila mtoto chake, kwa sababu ofisa mmoja huwafikia walimu wengi. Somo ninalolichukua ni kwamba kama fedha ni chache, na huwa chache, zianze kwa mtu anayemsaidia mwalimu kujifunza.

Hapo linazuka swali lililo gumu zaidi katika mjadala huu: je, mtu huyo anaweza kuwa wa mtandaoni? Wengi wangependa jibu liwe ndiyo. Mkufunzi anayesafiri ni gharama, na barabara nyingine hazipitiki mvua zikinyesha. Simu haichoki. Tena ni kweli kwamba intaneti imeondoa upweke wa kikazi uliowatesa walimu wengi. Mwalimu aliye peke yake wa somo lake shuleni sasa ana wenzake mia kwenye kundi la WhatsApp, anauliza jioni na kujibiwa kabla hajalala. Anaweza kurekodi kipindi chake kwa simu, akakitazama na kushangaa ni muda mfupi kiasi gani aliwapa wanafunzi kufikiri kabla hajajibu mwenyewe. Anaweza kumtazama mwalimu wa nchi nyingine akifundisha silabi. Kizazi kilichotutangulia hakikuwa na lolote kati ya hayo, na sioni heshima yoyote katika kuyadharau.

Swali hilo lilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa nchini Afrika Kusini, katika jimbo la Mpumalanga. Walimu wa madarasa ya awali wanaofundisha Kiingereza kama lugha ya nyongeza waligawanywa. Kundi moja lilitembelewa na mkufunzi darasani. Kundi la pili lilipewa vishikwambi vyenye maandalio ya masomo, na mkufunzi wake aliwasiliana nalo kwa simu na ujumbe. Baada ya miaka mitatu, wanafunzi wa kundi la kwanza walikuwa wamepiga hatua katika kuzungumza na kusoma Kiingereza. Wa kundi la pili walipata faida ndogo zaidi katika kuzungumza, hawakupata yoyote katika kusoma, na usomaji wao wa lugha ya nyumbani ulishuka, kwa kuwa Kiingereza kilikula muda wa lugha hiyo zaidi kuliko kwa wenzao. Teknolojia haikuwa kikwazo, kwani vifaa vilifanya kazi. Kilichopungua, kwa mujibu wa watafiti, ni uwajibikaji na msaada unaotokana na mtu kuwapo.

Naona matokeo haya yana uzito kuliko yote niliyoyataja. Mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa anaona kile ambacho mwalimu hakujua kwamba kinahitaji kuelezwa. Kwenye simu mwalimu huuliza analojua kuwa halijui. Asilojua kuwa halijui hubaki darasani. Na mtu aliyekuja kutoka mbali kukuangalia ukifundisha, halafu akasema atarudi baada ya wiki mbili, amekupa sababu ya kujaribu jambo gumu ambayo ujumbe wa simu hauwezi kukupa.

Ila haki itendeke kwa upande wa pili. Ushauri wa ana kwa ana nao una kikomo chake. Matthew Kraft na wenzake walipounganisha tafiti 60 kuhusu wakufunzi wanaofuatana na walimu, mwaka 2018, walikuta faida kubwa kwa ufundishaji na kwa wanafunzi pia, lakini faida hiyo ilipungua sana programu zilipopanuliwa kufikia walimu wengi. Wakufunzi bora hawapatikani kwa maelfu. Kwa hiyo anayetaka kufikia nchi nzima hawezi kusema tu “watembelewe”. Atahitaji mchanganyiko: ziara chache zenye uzito, na kati ya ziara hizo mawasiliano ya mtandaoni yanayoendeleza kile kilichoanzishwa uso kwa uso. Mpangilio huo ndio unaonipa matumaini. Kuugeuza, mtandao ukawa msingi na ziara ikawa pambo, ni kurudia yaliyotokea Mpumalanga huku tukiyajua.

Kwenye kusoma, mambo yanafanana. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyounganisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 yalikuta kwamba watu huelewa matini ya maelezo vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa muda unapokuwa mfupi. Kwenye hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Mwaka 2023 serikali ya Sweden, nchi iliyokuwa mbele katika vifaa vya kidijitali shuleni, ilitenga fedha kurudisha vitabu vya karatasi. Wengine walishangilia kana kwamba kesi imekwisha. Haijakwisha. Mapitio mengine, ya mwaka 2021, kuhusu vitabu vya watoto wa miaka 1 hadi 8, yalikuta kwamba kitabu cha skrini kilicho sawa na cha karatasi hushindwa, lakini kile ambacho nyongeza zake zinamvuta mtoto ndani ya hadithi yenyewe kinaweza kukishinda cha karatasi. Nyongeza zinazomtoa nje ya hadithi humpotezea uelewa. Nani atazitofautisha? Mwalimu, akiwa amefundishwa kuuliza swali moja kabla ya kufungua programu yoyote: picha hii ikisogea, mtoto anafikiri juu ya nini? Hilo ni somo la saa moja ambalo lingefaa kuwamo kwenye kila semina.

Kuhusu uandishi, ningependa mafunzo yaende mbali zaidi. Mwaka 1974 James Gray alianzisha huko Berkeley, California, mpango wa walimu uliokuja kuenea Marekani nzima. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba anayefundisha kuandika lazima naye aandike, na kwamba walimu hujifunza vizuri kutoka kwa walimu wenzao. Teknolojia ya leo inaweza kuuhudumia mpango kama huo vizuri kuliko ilivyowezekana wakati ule. Walimu watano wa shule tano wanaweza kuandika kwenye hati moja ya pamoja, kila mmoja akiona wenzake wanavyofuta na kurudia, wakiachiana maoni pembeni. Historia ya matoleo ya hati huonyesha rasimu ilivyokua, kitu ambacho daftari lililofutwa kwa ufutio haliwezi kukionyesha. Mwalimu aliyewahi kuiona rasimu yake ikikosolewa na mwenzake atamwandikia mwanafunzi maoni kwa namna nyingine kabisa. Semina ya hati za pamoja inayofundisha vitufe bila kuwaandikisha walimu chochote cha kwao imepoteza nafasi adhimu.

Na akili unde? Msimamo wangu ni kwamba ipewe rasimu ya kwanza, mwalimu abaki na ya mwisho. Ishughulikie tahajia, alama za uandishi na sentensi zilizokatika, ili kazi inapofika kwa mwalimu macho yake yawe huru kuangalia mawazo. Mwanafunzi aonyeshe mapendekezo aliyoyakubali na aliyoyakataa, na aseme kwa nini. Kukataa kwa hoja ni uandishi pia. Mwalimu mwenye darasa kubwa asome kwa ukamilifu insha za kundi moja kila zoezi, kwa zamu, zilizobaki azipitie kwa muhtasari wa mashine. Hivyo ndani ya muhula amemsoma kila mtoto kwa kina, na wanafunzi wameandika mara nyingi kuliko zamani. Mwalimu mgeni kazini, kwa maoni yangu, asome zote kwa mwaka wake wa kwanza, na apunguziwe vipindi ili aweze.

Najua neno hilo la kupunguziwa vipindi ndilo litakalokataliwa kwanza. Hapo ndipo ninapowageukia wakuu wa shule na wanaopanga bajeti. Programu ya kusahihisha inanunuliwa kwa ahadi kwamba itaokoa saa za mwalimu. Saa hizo zikijazwa mkondo mwingine au fomu nyingine za kujaza, mwalimu atakuwa amepoteza mahali pa kujifunzia na hajapata kitu badala yake. Shule inayosaini mkataba wa programu hiyo iandike kwenye ratiba, siku hiyohiyo, saa zilizookolewa zinakwenda wapi: kipindi cha walimu wa lugha kukaa pamoja na insha kumi halisi mezani, na kipindi cha kutembeleana darasani. Mwalimu anayeulizwa maoni kabla ya ununuzi ana haki ya kuomba aione ratiba hiyo kwanza.